Dinari, hela na sarafu za dhahabu

Dinari ni nomino ya ngeli ya I/ZI iliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kilatini, denarius. Njiani neno lilibadili madini. Dinari ya Warumi ilikuwa ya fedha (madini yenyewe, si pesa kwa jumla). Dinari ya Waarabu ilikuwa ya dhahabu. Sarafu ya dhahabu ya Kirumi iliitwa aureusi, nayo ilikuwa sawa na dinari 25. Kwa hiyo mfasiri anayeiita aureusi “dinari” huipunguza thamani mara 25, na msomaji wa Mathayo 20 anayedhani kwamba dinari ni dhahabu huwatajirisha vibarua wa shamba la mizabibu kwa kazi ya siku moja.

Aureusi ya Augusto ilikaribia gramu 8; Nero aliipunguza ikawa zaidi kidogo ya 7. Solidusi, iliyoanzishwa na Konstantino, ina gramu 4.5 hivi. Baada ya mizani husomwa maandishi. IMP, CAES na AVG ni vifupisho vya vyeo. CAES ndiyo asili ya “Kaisari”. CONOB, chini ya solidusi nyingi, hutaja Konstantinopoli na dhahabu iliyosafishwa.

Uwanda wa kati wa Tanzania nao una sarafu inayosomwa hivyohivyo. Mwaka 1916, pwani ikiwa imezingirwa na manowari za Uingereza, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu 16,198 katika karakana ya reli huko Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja una tai wa Kaiser (cheo kilichotokana na Caesar yuleyule), maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani, 15 RUPIEN. Upande wa pili una tembo mbele ya milima, mwaka, na herufi T, yaani Tabora. Uzito wake ni gramu 7.168, karibu sana na aureusi baada ya Nero, lakini robo tatu tu ndiyo dhahabu. Mizani peke yake ingemdanganya mtu.

Sarafu hiyo isiitwe “hela ya dhahabu”. Hela limetokana na Heller, sarafu ndogo ambayo tangu mwaka 1904 100 zake zilifanya rupia moja. Leo neno hilo humaanisha pesa yoyote. Katika kutafsiri nyaraka za Kijerumani ni salama zaidi kubakiza “heller” kwa sarafu yenyewe, na kuandika “sarafu ya dhahabu ya rupia 15” kwa ile ya Tabora. Kwa za Kirumi, “aureusi” au “solidusi” litangulizwe na “sarafu ya dhahabu” pale linapotajwa mara ya kwanza: alilipwa sarafu mbili za dhahabu, aureusi, sawa na dinari 50.