Sheria Itangulie Tingatinga

Wapo wanaodhani kwamba urithi unaostahili kuhifadhiwa ni makasri ya wafalme tu. Dhana hiyo haina budi kukanushwa. Coney Island, ufukoni mwa jiji la New York, Marekani, palikuwa mahali pa starehe pa wafanyakazi: kwa nauli ya treni ya senti 5, mtu wa kipato cha chini alifika baharini na jamaa zake, akapumzika.

Mwaka 1966 tajiri Fred Trump alilibomoa jumba la chuma na vioo la Steeplechase Park, akikusudia kujenga nyumba za kupangisha. Nyumba hizo hazikujengwa kamwe. Mwaka 2000 Jiji lenyewe likaibomoa Thunderbolt, treni ya mchezo ya kupanda na kushuka iliyojengwa mwaka 1925.

Mwenzake, Cyclone ya mwaka 1927, alisalimika kwa kuwa alilindwa kisheria mwaka 1988. Gurudumu la pembea, Wonder Wheel la mwaka 1920, likafuata mwaka 1989. Vyote viwili vingali vikipakia watu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa kale ukishavunjwa, haujengeki tena. Basi sheria itangulie, tingatinga lisubiri.