Siri ya Buti ni Hewa

Sisi tutokao Kibera na Kawangware twayajua matope. Gambuti huzuia maji, lakini asubuhi za Julai vidole hufa ganzi. Mbona? Mpira peke yake haukingi baridi. Kinachokinga ni hewa iliyotulia, tena hewa ni nyepesi. Katika vita vya Korea (1950–1953), wanajeshi wa Marekani walipewa mabuti ya mpira wa tabaka mbili, katikati sufu iliyofungiwa isifikiwe na maji. Sufu ikilowa, maji hushika nafasi ya hewa, joto likatoroka. Ndiyo maana mimi huvaa soksi nene, na jozi nyingine kavu naitia mkobani. Msidharau, wenzangu: katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi waliokaa mahandakini yenye maji walioza miguu, wengine wakakatwa. Soksi zikilowa, badilisheni!