Ridhaa ya mchezaji haihalalishi kila rafu

MCHEZAJI anayevunjwa mguu katika ndondo za vijijini, kama zile za kata ya Mtunda wilayani Kibiti, mkoani Pwani, mara nyingi huambiwa kuwa mpira ndivyo ulivyo. Hubaki na gharama za matibabu na shamba lisilolimwa. Kisheria, jibu hilo ni sahihi nusu tu.

Anayeingia uwanjani huhesabiwa kuwa ameridhia misukosuko ya kawaida ya mchezo: kusukumana bega kwa bega, kugongana wakiwania mpira wa juu, hata kukwatuliwa kwa bahati mbaya. Ndiyo maana si kila kadi nyekundu ni kosa la jinai.

Hata hivyo, ridhaa hiyo ina mipaka. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtu akiridhia kuuawa au kutiwa kilema, aliyetenda haepuki jinai.

Aidha, Tanzania ilirithi misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Miongoni mwake ni kesi ya Coney ya mwaka 1882, ambapo majaji walikataa ridhaa ya mabondia waliopigana nje ya utaratibu kuwa utetezi. Miaka minne kabla, katika kesi ya Bradshaw, mwanasoka aliyeshtakiwa kwa kifo cha mpinzani wake aliachiwa huru, lakini ilielezwa kuwa kanuni za mchezo haziwezi kuhalalisha kinachokatazwa na sheria.

Hukumu za baadaye hazizifungi mahakama za Tanzania, ila huweza kuzishawishi. Mwaka 1978, mchezaji wa raga, Billinghurst, alitiwa hatiani kwa kumvunja mpinzani taya kwa ngumi, mpira ukiwa mbali. Mwaka 2004, Mahakama ya Rufani ya England ilifuta hatia ya mwanasoka Barnes, ikisema jinai ni kwa vitendo vizito tu. Hupimwa aina na kiwango cha mchezo, nguvu iliyotumika na nia.

Pale jinai inaposhindikana, bado kuna madai ya fidia kwa uzembe, ambayo nchini hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa majeruhi, hatua za mwanzo ni kuchukua fomu ya polisi ya PF3, kutunza stakabadhi za hospitali, na kupata maelezo ya mwamuzi na mashahidi kabla hawajatawanyika.