Je, Wajua? Bei ya jeti kuukuu imo ndani ya injini
Je, wajua kuwa jeti ndogo ya kibiashara iliyozeeka huweza kuuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya kukarabati injini zake mbili? Chukua Cessna Citation 500, iliyoruka mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1969. Injini zake za JT15D kwa kawaida hufunguliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa kila baada ya saa 3,500 za kuruka. Zikifika nusu ya muda huo, sehemu zinazokabili moto hukaguliwa. Kwa hiyo anayenunua ndege hiyo ananunua, zaidi ya yote, saa zilizobaki.

Wapo wanaosema mmiliki anayeruka mara chache hana la kuhofia, maana mtaji wake ni mdogo. Hoja hiyo ina uzito, lakini ukaguzi mwingine hufuata kalenda, na kutu haingoji safari. Sheria nazo hubadilika: Learjet za mwanzo, zenye kelele nyingi, zilizuiwa kuruka katika majimbo 48 ya Marekani yanayopakana baada ya 31 Desemba 2015, isipokuwa zilizofungwa vifaa vya kupunguza kelele. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aombe kumbukumbu za matengenezo ya injini.