Mstaafu Ashike Kalamu

Katika bonde la Mto Mkondoa, wilayani Kilosa, Reli ya Kati hupita Munisagara ikielekea Kidete na Gulwe. Msafiri aendaye Dodoma huenda asilitie maanani jina hilo. Lakini jina hilo linatukumbusha jambo zito katika historia ya bara na visiwa, nalo lilianza kwa karatasi.

Mwezi Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia Usagara akiwa na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani. Huko Msovero, Mangungo alitia alama yake. Siku chache baadaye, mwezi Desemba, ikafika zamu ya mtawala aliyeitwa Muini Sagara. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kutegemea karatasi hizo. Seyyid Barghash alipinga kutoka Unguja, lakini mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali. Habari za siku zile tumeachiwa zaidi na kalamu ya Peters kuliko na kalamu ya Wasagara wenyewe.

Je, hali hiyo iendelee? Vijiji vyetu vina wastaafu wengi: watumishi wa reli, walimu, wauguzi, makarani wa mashamba ya mkonge. Mtu akistaafu hudhaniwa kuwa kazi yake imekwisha. Kumbe ndipo kazi nyingine inapomwita. Wajukuu humwomba awaandikie nasaba ya ukoo. Waumini wenzake, wawe wa msikitini au wa kanisani, humkabidhi daftari la michango ya mazishi. Siku moja, akiisha kuandika jina la marehemu na fedha zilizopatikana, huongeza mstari mmoja: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliwafaa nani. Hapo ndipo mwandishi anapozaliwa, naye mwenyewe huenda asijue.

Mfano tunao. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa Mkuranga mwaka 1925, alipelekwa Zanzibar angali mtoto ili asome dini. Akawa mwalimu, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, kisha Rais wa Muungano tangu 1985 hadi 1995. Kitabu cha maisha yake, Mzee Rukhsa, kilizinduliwa Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96. Tarehe 29 Februari 2024 aliaga dunia. Kama angeendelea kusema "kesho", mengi angezikwa nayo.

Lakini si lazima mtu awe Rais ndipo aandike. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mzee aliyeishi miaka hamsini kando ya Mkondoa anakumbuka maji yalipita wapi zamani na miti ipi ilikatwa. Kumbukumbu hiyo ikiandikwa, humfaa mhandisi. Isipoandikwa, hufukiwa pamoja na mwenyewe.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi walijifunza kusoma na kuandika katika kampeni iliyofuata. Hapana budi elimu ile ipewe kazi ya kufanya. Kwa hiyo twawaomba maafisa wa utamaduni na elimu wafungue chumba kimoja cha shule jioni moja kila wiki, watoe daftari na kalamu, na nakala za yatakayoandikwa zihifadhiwe wilayani na katika Nyaraka za Taifa.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba nao wasidhani kuwa hili ni la bara peke yake. Nahodha mstaafu na mchuma karafuu wana yao pia. Kijana aliye nyumbani leo na amkalie babu yake karibu, ampe daftari, amwombe aanze na jina la mama yake.