Mbwa 'anasikia' lugha? Picha za ubongo zinavyotulazimu kupima maneno yetu

MTU akikwambia, "Mimi Kikamba nasikia, ila siongei," hujiulizi kama masikio yake ni mazima. Unajua anadai kwamba anaelewa Kikamba kikizungumzwa. Mtu huyo huyo husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu ya mandazi na husikia honi ya matatu. Mtoto wake naye akiwa hasikii, si lazima awe kiziwi. Huenda ni mkaidi tu. Kitenzi ni kimoja, kazi ni tano au sita.

Katika mazungumzo ya kila siku hatupotezi chochote kwa kukitumia hivyo, kwa sababu muktadha hutuongoza. Matatizo huanza tunapomuuliza asiyeweza kutujibu. Je, mbwa anasikia lugha? Je, ndege anamsikia baba yake akiimba? Je, mgonjwa aliyelala bila fahamu anatusikia? Katika makala haya ninanuia kuonyesha jinsi uchunguzi wa ubongo wa wanyama kwa mashine ya MRI unavyotulazimu kuitenganisha maana moja ya kitenzi hiki na nyingine.

Tuanze na mashine yenyewe. Wengi huijua kama ile mashine ya kulazwa ndani ya shimo lenye kelele. Haitumii miale kama ya eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi na mawimbi ya redio. Mwili umejaa maji, na maji yana haidrojeni. Viini vya atomi za haidrojeni ni kama visumaku vidogo. Vikiwekwa ndani ya sumaku kubwa hujipanga. Wimbi la redio likivigusa huyumba, na vinaporejea mahali pake hutoa ishara hafifu ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Sumaku nyingi za hospitali huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3. Maabara za wanyama wadogo hutumia tesla 7, 9.4 na hata zaidi, maana ubongo wa panya mdogo wa maabara haufiki nusu gramu. Chombo kinachotosha kumchunguza binadamu kingeuona kama nukta.

Picha hiyo huonyesha umbo la ubongo. Je, kazi ya ubongo huonekanaje? Hapa jibu lilitoka kwa panya. Mnamo 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoipoteza huathiriwa na sumaku kwa njia tofauti. Mnamo 1990, Seiji Ogawa, mwanasayansi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha pamoja na wenzake picha za ubongo wa panya waliotiwa nusukaputi. Panya walipovuta hewa ya kawaida, mishipa ya damu ilionekana kama mistari myeusi. Walipopewa oksijeni tupu, mistari hiyo ilififia. Damu yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa wino. Kufikia 1992, makundi kadhaa ya watafiti yalikuwa yametumia wino huo kuchunguza ubongo wa binadamu ukiwa kazini.

Sasa, msomaji wangu, hapo ndipo pa kutulia kidogo. Mashine hii haipigi picha ya wazo. Hupiga picha ya mabadiliko ya damu yenye oksijeni, ambayo huongezeka mahali ambapo seli za neva zimefanya kazi, tena baada ya sekunde kadhaa. Mnamo 2001, Nikos Logothetis na wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, walirekodi umeme wa seli za tumbili kwa vijiti vidogo vilivyochomekwa ubongoni, huku MRI ikiendelea kupiga picha. Walibaini kwamba ishara ya damu huafikiana na shughuli za seli, hasa taarifa zinazoingia mahali fulani na kuchakatwa hapo, kuliko zile zinazotoka kwenda kwingine. Jaribio kama hilo si rahisi kufanyiwa mtu mwenye afya. Kwa hivyo, kila tunapoisoma picha ya ubongo wa binadamu, kwa kiasi fulani tunamtegemea panya na tumbili.

Twende kwa mbwa. Jijini Budapest, Hungary, Attila Andics na wenzake waliwafunza mbwa kulala kimya ndani ya mashine bila nusukaputi na bila kufungwa, wakiwa wamevaa vizuia kelele. Mbwa akichoka, huinuka akaenda zake. Katika utafiti wa 2016, mbwa 13 walichezewa sauti ya mkufunzi wao. Wakati mwingine alitamka maneno ya sifa ambayo mbwa huambiwa kila siku; wakati mwingine alitamka maneno ambayo kwao si chochote, kama vile viunganishi. Kila aina ya neno ilitamkwa kwa kiimbo cha kusifu na pia kwa kiimbo kikavu. Ubongo wa mbwa ulitofautisha maneno ya sifa na yale mengine bila kujali kiimbo. Lakini sehemu zinazohusika na furaha ya kupata tuzo ziliitikia zaidi pale neno la sifa lilipoandamana na kiimbo cha sifa. Mbembeleze mbwa kwa viunganishi, hutapata itikio hilo.

Mnamo 2022 timu ya Budapest ilipiga hatua nyingine. Laura Cuaya, mtafiti aliyetoka Mexico, alikuwa amehamia Hungary na mbwa wake, akajiuliza kama mbwa huyo anatambua kwamba watu wa huko wanazungumza lugha nyingine. Mbwa 18 walisikilizishwa sehemu za hadithi ya Antoine de Saint-Exupéry kuhusu mwana mdogo wa mfalme, kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Kila mbwa alikuwa amezoea lugha moja tu kati ya hizo mbili. Ubongo wao ulionyesha mwitikio tofauti kwa lugha ya nyumbani na kwa lugha ngeni, na tofauti hiyo ilikuwa bayana zaidi kwa mbwa wenye umri mkubwa.

Je, basi mbwa anasikia lugha? Tukigawanya swali, jibu linajitokeza. Kusikia sauti, anasikia. Kutambua neno alilolizoea, anatambua. Kubagua lugha ya kwao na ya wageni, anabagua. Kuelewa sentensi ni jambo jingine, na picha hizo hazituelezi kwamba alielewa. Mbwa aliyeitambua lugha ya hadithi hakuisikia hadithi.

Ndege nao wanatuletea upande wa pili: kusikia pasi na kusema. Yupo ndege mdogo wa Australia mwenye mistari kifuani kama ya punda milia. Dume hujifunza wimbo wake akiwa kinda kwa kumsikiliza dume mzima, aghalabu baba yake, na asipopata wa kumsikiliza katika miezi hiyo ya mwanzo huimba ovyo. Jike haimbi kamwe. Hata hivyo hukumbuka nyimbo alizosikia utotoni, na huzitumia kupima madume. Kwa lugha ya mitaani, jike huyo "anasikia ila haongei".

Hapo zamani, kuchunguza ubongo wa ndege kulimaanisha kumuua. Fernando Nottebohm aligundua mnamo 1981 kwamba sehemu moja ya ubongo wa chiriku dume inayoongoza wimbo huwa kubwa karibu maradufu wakati wa machipuko kuliko wakati wa majani kupukutika. Lakini alilazimika kulinganisha ndege wa msimu mmoja na ndege wengine wa msimu mwingine. Annemie Van der Linden na wenzake wa Antwerp, Ubelgiji, walibadilisha mambo. Mnamo 2002 walitumia madini ya manganizi, ambayo huingia ndani ya seli zinazofanya kazi na kung'aa katika picha za MRI, ili kufuatilia njia za wimbo ndani ya chiriku aliye hai. Baadaye walipiga picha za wale ndege wa Australia, madume kwa majike, tangu ukinda hadi ukomavu, ndege yule yule akirudishwa mashineni mara kwa mara. William Russell na Rex Burch walikuwa wamependekeza mnamo 1959 kwamba mtafiti abadilishe, apunguze na aboreshe matumizi ya wanyama. Ndege mmoja anayepigwa picha mara sita na kubaki hai hupunguza idadi ya wanaohitajika, na hutupa ushahidi bora pia.

Hata hivyo, picha inaweza kudanganya. Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimweka ndani ya mashine samaki aina ya salmoni aliyekwisha kufa. Wakamwonyesha picha za watu na "kumwomba" akisie hisia za watu hao. Walipochanganua data bila masahihisho ya kitakwimu, nukta kadhaa za ubongo wa maiti huyo zilionekana kuwaka. Picha moja ya ubongo ina maelfu ya nukta, na ukizipima zote bila tahadhari, baadhi zitawaka kwa bahati tu. Walipofanya masahihisho, nukta zote zilizimika. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel mnamo 2012, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kwa nini mwanaisimu ajishughulishe na haya? Kwa sababu swali hili hili huulizwa wodini. Jamaa huketi kando ya mgonjwa asiyefumbua jicho kwa lolote, wakamuuliza daktari, "Anatusikia?" Mnamo 2006, Adrian Owen na wenzake walieleza habari za mwanamke nchini Uingereza ambaye vipimo vya kawaida vilionyesha hana ufahamu. Akiwa ndani ya MRI, aliambiwa awazie anacheza tenisi, kisha awazie anatembea nyumbani kwake. Ubongo wake ulifanya kama wa watu wenye afya. Huko hakukuwa kusikia sauti tu, wala kutambua neno tu. Alielewa agizo na kulitekeleza. Si wagonjwa wote walio hivyo. Wapo ambao ubongo wao huitikia sauti na kuishia hapo. Daktari akijibu "anasikia" pasi na kufafanua, familia mbili zenye hali tofauti kabisa zitaondoka na jibu moja.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kazi hii. Tunavyo kusikia, kusikiliza, kutambua, kubagua, kufahamu, kuelewa na kutii, na kila kimoja kina ngazi yake. Mwandishi anayeripoti utafiti wa ubongo na achague ngazi ambayo ushahidi umeifikia, asipande ya juu yake. Akikuta habari eti mbwa "anaelewa Kiswahili", aulize kwanza: alisikia, alitambua au alielewa? Nasi tukiwa wodini tumuulize daktari vivyo hivyo, kitenzi kwa kitenzi.