Fedha za Kusaidia Shule Hupatikanaje?

Wanafunzi wengi hudhani ya kuwa shule hupata fedha kwa njia mbili tu, yaani karo ya wazazi na mkono wa serikali. Nao wenzetu waliokwisha maliza masomo huuliza mara kwa mara kama hakuna watu wengine wa kuombwa. Wako, tena si haba. Lakini kuomba kuna utaratibu wake, na huku kwetu mpakani tuna bahati ambayo watu wengi hawana. Shule za Busia zilipewa misaada ya namna mbalimbali kwa muda wa miaka mingi, na wataalamu wakaja kupima ni ipi iliyofaa na ipi iliyopotea bure. Yafaa mwenye kutaka kuomba aijue habari hiyo kabla hajashika kalamu, maana shule ikiomba kisichofaa huweza kupewa hicho hicho, na mlango usifunguliwe mara ya pili.

Tuanze na vitabu. Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi liitwalo International Child Support lilichukua shule za msingi 100 katika wilaya za Busia na Teso, upande wa Kenya, na 25 kati ya hizo zikapewa vitabu vya Kiingereza, hesabu na sayansi. Kila mtu alitazamia maksi zipande. Hazikupanda, ila kwa wale waliokuwa mbele darasani tangu hapo. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, waliolichunguza jambo hilo, walieleza sababu yake: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huku Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto asiyeweza kukisoma kitabu chake hanufaiki hata akipewa viwili. Kisha zikaja picha kubwa za kutundika ukutani, za sayansi, hesabu, jiografia na afya. Shule 178 zilihesabiwa, nusu zikapewa picha, nusu zikangoja. Matokeo ya mitihani yakawa sawasawa pande zote mbili.

Hatusemi kwamba vitabu na picha si kitu. Twasema kwamba mwombaji aliandika “hatuna vitabu” pasipo kuuliza kwanza kama watoto wanaweza kuvisoma.

Jambo lililofaulu zaidi lilikuwa dogo mno. Mwaka 1998 shirika lile lile lilianza kuwapa watoto dawa za minyoo katika shule 75 za Budalangi na Funyula, karibu na Ziwa Viktoria. Kremer na mwenziwe Edward Miguel waliona ya kuwa kukosa kuja shuleni kulipungua kwa robo. Hata watoto wa shule za jirani zisizopewa dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua katika nchi yote ile. Maksi, kweli, hazikubadilika, lakini mtoto asiyekuja shuleni hafundishiki kwa njia yoyote. Mwaka 2019 Kremer alipata Zawadi ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa namna hii ya kupima misaada, na kazi za Busia zilikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa. Kwa hiyo chuo kikuu chochote ulimwenguni kinachofundisha mambo haya hulitaja jina la Busia, na sisi wenyewe twalijua kwa malori yanayongoja forodhani!

Sasa tuseme habari za zawadi kwa walimu. Katika miaka ya 1998 na 1999 shule 50 ziliahidiwa zawadi ikiwa wanafunzi wao watafanya vema mtihani wa wilaya. Zawadi zenyewe zilikuwa suti, vyombo vya meza, seti ya chai, mashuka na mablanketi, na thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Walimu walifanya nini? Waliongeza vipindi vya kuwazoeza watoto maswali ya mtihani. Hawakuja kazini zaidi ya awali. Maksi za mtihani ule zilipanda, lakini mpango ulipokwisha faida ikapotea nao.

Linganisha na zawadi za wasichana za mwaka 2001 na 2002. Shule 64 kati ya 127 ziliambiwa kwamba wasichana wa darasa la sita watakaokuwa katika asilimia 15 ya juu wilayani watasaidiwa miaka miwili: shilingi 500 kila mwaka kwa shule, kwa ajili ya karo, na shilingi 1,000 kwa jamaa, kwa ajili ya sare na vifaa. Huko Busia maksi za wasichana zilipanda, hata za wale wasiokuwa na tamaa ya kushinda, na za wavulana pia, ambao hawakuwa na haki ya zawadi hiyo. Walimu nao walihudhuria zaidi. Katika Teso mambo yalikwenda vingine. Mwezi wa Juni 2001 radi ilipiga shule moja huko na kuua wanafunzi, na watu wengine wakauhusisha msiba huo na shirika lililoleta fedha. Baadhi ya shule zikajitoa, na faida haikuonekana. Msaada usioelezwa vizuri kwa wazazi huzaa maneno, na maneno huufukuza.

Tuvuke mpaka. Uganda ilikuwa na ugonjwa mwingine. Serikali ilikuwa ikitoa kiasi fulani kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini uchunguzi wa shule 250 ulionyesha ya kuwa kati ya 1991 na 1995 ni asilimia 13 tu ya fedha hizo iliyofika shuleni. Nyingine ziliishia njiani, katika ofisi za wilaya. Ndipo serikali ikaanza kuchapa magazetini hesabu ya fedha zilizopelekwa kila wilaya, na shule zikaagizwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufika mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zikifika. Yako mageuzi mengine yaliyosaidia, lakini karatasi ile ya ukutani ilikuwa na nguvu, na gharama yake ni gundi tu. Kwa hiyo shule ya Tororo au ya Busia, kabla ya kwenda kuomba ng’ambo, yafaa ijue kwanza haki yake kwa serikali ni kiasi gani na imefika kiasi gani.

Baada ya hapo ndipo twaweza kutaja wafadhili. Japani ina msaada wa miradi midogo ulioanza mwaka 1989, unaotolewa na balozi zake. Msaada huo hujenga madarasa, mabweni na visima, wala haulipi mishahara au gharama za kila siku. Shule ya upande wa Kenya huandikia ubalozi wa Nairobi, na ya upande wa Uganda huandikia Kampala, hata kama majengo yao yanatazamana. Rotary nayo ina ruzuku kubwa, lakini mradi wote hauna budi kuwa wa dola 30,000 au zaidi, na klabu mbili za nchi mbalimbali zishirikiane. Shule haiombi moja kwa moja, bali huenda kwa klabu iliyo karibu. Kenya ina fedha za majimbo ya uchaguzi ziitwazo CDF, zilizoanza mwaka 2003 na kujenga madarasa mengi, ingawa mwezi wa Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake haipatani na Katiba.

Kwa mwalimu mmoja mmoja iko Global Teacher Prize, dola milioni 1, iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Mwalimu huweza kujiombea au kupendekezwa na mtu mwingine. Mwezi wa Machi 2019 aliipata Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hesabu na fizikia wa Keriko, katika kijiji cha Pwani huko Nakuru (si Pwani ya Mombasa). Shule ile ilikuwa na kompyuta moja tu. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini, na chama chake cha sayansi kilikuwa kimewafikisha wanafunzi katika mashindano makubwa. Kazi ilikuwako kwanza, na iliandikwa.

Ombi lenyewe lisiwe refu. Lieleze wanafunzi wangapi, wakosa nini, na umejuaje. Liwe na bei zilizoandikwa na wauzaji watatu, hati ya kiwanja ikiwa ni jengo, akaunti ya benki ya shule yenye sahihi zaidi ya moja, na mchango wa shule yenyewe, hata ukiwa ni mchanga na nguvu za mikono. Litaje pia nani atakitunza kitu hicho baada ya miaka mitano, maana wafadhili wengi wameona matangi makavu. Na mtu akikuandikia katika intaneti kwamba umekwisha kubaliwa, ila utume kwanza ada kidogo kwa simu, mwache. Mfadhili wa kweli hakutozi chochote.

Wanafunzi wa zamani waweza kusaidia bila kutoa hata senti. Mhasibu akague hesabu za shule kila mwaka, fundi achore ramani ya jengo, na aliye Nairobi au Kampala apeleke ombi kwa mkono na kuleta majibu. Wanafunzi wa sasa nao waanze na daftari la mahudhurio: ni siku zipi watoto hawaji, na kwa sababu gani. Daftari hilo likijazwa kwa muhula mmoja, Mwalimu Mkuu atakuwa na la kuandika.